Habari ya kangomba: mwalimu wa maktaba anavyoweza kuwafundisha wanafunzi kupima wanachosikia

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa kumi hivi, kuna namba moja inayozunguka Mtwara na Lindi kuliko bodaboda zote. Inazaliwa mnadani, pengine Newala au Nachingwea, ikiwa bei ya juu ya kilo moja ya daraja la kwanza. Mpaka adhuhuri imeshapita kwenye makundi ya WhatsApp yasiyo na idadi, na kila anayeipokea anaidondoshea neno moja njiani. Linaanguka "ya juu", linafuata "daraja la kwanza", mwisho linapotea jina la chama kilichouza. Jioni inaingia nyumbani ikiwa uchi: "Korosho mwaka huu ni elfu nne." Mtoto wa kidato cha pili anaidaka, na kesho yake inazungumzwa paredi. Malipo yakiingia benki yakawa pungufu ya hesabu ya baba, hukumu ni ile ile: tumedanganywa.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Bei ya mnada ni ile anayolipa mnunuzi. Kabla haijamfikia mkulima hukatwa ushuru wa halmashauri, gharama za ghala na usafiri, na fungu la vyama vya ushirika. Isitoshe, mnada mmoja huwa na bei ya juu na bei ya chini, na korosho za daraja la pili zina bei yake. Namba ilikuwa ya kweli. Kilichopotea ni maelezo yake: ni ya nani, ya lini, ya mzigo upi, kabla ya makato au baada.

Kujua kuuliza maswali hayo ndiyo stadi inayotajwa kwenye semina kwa majina mengi: umilisi wa habari, elimu ya habari, uchambuzi wa vyombo vya habari. Hapa tutaiita stadi za habari, basi. Watu wengi wakiisikia wanawaza chumba cha kompyuta, intaneti na mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Lakini mtu aliye karibu nayo kuliko wote shuleni ni mwalimu wa maktaba, hata kama maktaba yenyewe ni stoo yenye makabati mawili na ufunguo mmoja, na mwalimu huyo ana vipindi vyake vya Kiswahili au Historia kama wenzake. Sababu tutaiona. Kwanza maneno.

Tetesi si habari, na watoto wanajua

Pa kuanzia ni mpira. Dirisha la usajili likifunguliwa, mwanafunzi wa Ruangwa anayeishangilia Namungo anajua bila kufundishwa kwamba "anahusishwa na klabu", "yuko hatua za mwisho" na "ametambulishwa rasmi" ni vitu vitatu. La kwanza halina mwenyewe. La pili lina mtu asiyetaka kutajwa. La tatu lina klabu, picha, jezi na tarehe. Anajua pia kwamba shabiki wa Yanga akiandika kuhusu Simba, maneno yake yapokelewe kwa akiba. Andika sentensi hizo tatu ubaoni, uliza: "Ungeweka andazi lako la saa nne kwenye ipi?" Darasa zima litajibu sawa. Ujuzi wanao, hawajazoea kuutoa uwanjani na kuupeleka kwenye mambo mengine.

Kutoka hapo maana zinakaa vizuri. Uvumi ni jambo linalosemwa bila mwenyewe. Habari ni jambo lililotokea, likaelezwa na mtu anayejulikana, likiwa na ushahidi ambao mwingine anaweza kwenda kuuangalia. Maoni ni namna mtu anavyoliona jambo hilo. Hayawi uongo kwa kuwa hukubaliani nayo. Tangazo ni nafasi iliyolipiwa, hata likivaa nguo za habari.

Halafu kuna makosa ya aina tatu, ambayo watafiti Claire Wardle na Hossein Derakhshan waliyatenganisha mwaka 2017 katika ripoti waliyoiandikia Baraza la Ulaya. Kuna habari potofu inayosambazwa na mtu anayeiamini. Kuna uzushi, unaosambazwa na mtu anayejua kabisa kuwa ni uongo. Na kuna ukweli unaotolewa ili kuumiza, kama picha ya faragha ya mtu. Tofauti hii ina kazi nyumbani. Mama mdogo aliyetuma dawa ya kitunguu swaumu kwenye kundi la familia si mzushi, na mtoto akirudi kutoka shuleni akamwita hivyo, somo limeharibika siku ya kwanza.

Ghala na kangomba

Kusini tuna mfano ambao vitabu vya kigeni havina. Korosho zikifuata njia rasmi, zinapelekwa chama cha msingi, zinawekwa kwenye mizani, sampuli inatolewa, punje zinakatwa katikati kuona ndani kukoje, daraja linaandikwa, mkulima anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghalani. Kangomba, yule mnunuzi asiyefuata njia rasmi, anakuja na bakuli lake. Hapimi kwa mizani, haandiki, na kesho ukimtafuta humjui alikoelekea.

Angalia vizuri: korosho alizonunua kangomba zinaweza kuwa nzuri kabisa. Taabu ni kwamba hakuna njia ya kujua, na likitokea tatizo hakuna wa kumrudia. Ujumbe wa sauti unaoanza "ndugu zangu, nina mtu wangu wa karibu hospitali ya mkoa" ni habari ya kangomba. Inaweza kuwa kweli. Haina mizani wala stakabadhi.

Chombo cha habari chenye mwandishi anayetajwa, mhariri, anwani na utaratibu wa kusahihisha ni ghala. Na ghala hukosea. Wanafunzi wakiona gazeti limeandika "Tunaomba radhi" hucheka na kusema gazeti bovu. Waambiwe kinyume chake: masahihisho ni dalili kwamba kuna mtu anayesoma mizani. Lile kundi la WhatsApp limewahi kuomba radhi lini?

Kwa nini maktaba: kadi

Anayefanya kazi ya maktaba ana tabia moja ambayo walimu wengine hawana. Akipewa kitabu, hakifungui katikati. Anatafuta kwanza mwandishi, mchapishaji, mahali, mwaka na toleo, anaviandika kwenye kadi ya sentimita 7.5 kwa 12.5, ndipo kitabu kinapata pa kukaa rafuni. Kitabu cha jiografia kinachoiita nchi jirani Zaire hakisemi uongo. Kilichapwa kabla ya mwaka 1997, nchi ilipobadilishwa jina. Bila mwaka wa kuchapwa, mwanafunzi angeondoka na ujinga mpya. Maktaba zetu zimejaa vitabu vya namna hiyo, na kwa somo hili ni mali.

Basi habari nayo ipewe kadi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili na kukatwa inatoa kadi 4. Darasa la wanafunzi 45 linahitaji karatasi 12, na kadi 3 zinabaki. Kila kadi ina mistari sita. Nani amesema? Amejuaje: ameona, ameambiwa, amesoma, au amehisi? Lini? Wapi? Nani mwingine amesema, ambaye hamnukuu huyu wa kwanza? Na wa mwisho: nini bado hatujui?

Ni kazi ya dakika kumi, na inaharibika mahali pale pale kila mara. Kwenye mstari wa kwanza wanafunzi wanaandika "WhatsApp" au "TikTok". Hiyo ni sawa na kuulizwa mzigo umetoka kwa nani ukajibu "kwa bodaboda". Bodaboda kauleta tu. Rudisha kadi, uliza tena: nani aliupakia? Asipojulikana, mstari uachwe wazi. Mwanafunzi wa Tanzania amezoeshwa kwamba nafasi tupu ni kukosa alama, kwa hiyo atabuni. Tamka mapema, na urudie, kwamba hapa nafasi tupu ni jibu sahihi, na kwamba kadi yenye mistari minne mitupu ni kazi nzuri.

Kosa la pili liko mstari wa tano. Mtoto anaandika kwa furaha: "Nimeiona kwenye makundi matatu." Ukipaza sauti bondeni ukajibiwa mara tatu, hawajaita watu watatu. Njia rahisi ya kugundua mwangwi ni makosa ya maandishi: jumbe tatu zikiwa na neno lile lile lililokosewa herufi, au alama tano za mshangao mahali pale pale, chanzo ni kimoja. WhatsApp yenyewe husaidia kidogo. Mishale miwili juu ya ujumbe ina maana umeshapitishwa mara tano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Haisemi ni uongo. Inasema mwenyewe yuko mbali sana na wewe.

Kauli ya kutendwa

Hapa mwalimu wa Kiswahili anafurahi. Lugha yetu ina mlango mzuri wa kumficha mtenda. "Imeamriwa shule zifungwe." "Inasemekana matokeo yamefutwa." "Imebainika maji ya bomba yana sumu." Nani ameamuru, nani anasema, nani amebaini? Wanafunzi wameshajifunza kauli ya kutendwa, na jirani yake ya kutendeka (inasemekana, imebainika), kwa ajili ya mtihani. Waonyeshwe sasa zinavyofanya kazi mtaani.

Zoezi lake ni rahisi na halihitaji hata kitabu. Andika sentensi tano za kutendwa au kutendeka ubaoni, kila mwanafunzi aigeuze kila moja iwe ya kutenda, akimtaja mtenda kutoka ndani ya habari yenyewe. "Imeamriwa shule zifungwe" itageuka vizuri ikiwa barua ina jina na cheo: "Mkuu wa mkoa ameamuru shule zifungwe." Isipokuwa navyo, sentensi inagoma kugeuka. Kugoma huko ndiko tunakokutafuta.

Ila tahadhari: vyombo vizuri navyo hutumia kutendwa, na kwa haki. "Inadaiwa" kwenye habari ya mahakamani inamlinda mtu ambaye bado hajahukumiwa. Tofauti ni kwamba sentensi inayofuata inamtaja anayedai: polisi, upande wa mashtaka, hati namba fulani. Asipotajwa hata aya tatu mbele, shaka ina msingi.

Karatasi za maandazi na vipindi vinne

Shule nyingi za serikali haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hilo huchukuliwa kama kikwazo. Kwa mtu anayeanza ni nafuu. Karatasi haikimbii wala haimalizi bando.

Tafuta magazeti ya zamani kwenye ofisi ya mkuu wa shule, ofisi ya kata, au kwa jirani anayefanya kazi halmashauri. Nakala nane hadi kumi zinatosha darasa zima kwa vikundi vya watu watano watano. Usizidharau zile karatasi za kufungia maandazi na karanga: kipande kisicho na tarehe wala jina la gazeti ni mfano bora kabisa wa ujumbe ulioletwa bila kichwa wala miguu. Kipitishe, uliza ni cha mwaka gani, waache wajaribu kukisia kwa bei zilizotajwa na majina ya mawaziri. Watakaribia. Na wataona jasho linalowatoka kwa kukosa mstari mmoja tu wa tarehe.

Kipindi cha kwanza cha dakika 40 ni cha mpira na kadi. Cha pili ni cha rangi: penseli ya bluu kwa habari, nyekundu kwa maoni, kijani kwa matangazo. Kikundi kipewe kurasa mbili tu; ukiwapa gazeti zima, muda utaishia kwenye michezo. Waangalie kurasa za katikati zilizolipiwa na taasisi, zenye picha za wakubwa na pongezi, ambazo zimeandikwa kwa sura ya habari. Vikundi viwili vitagombana kuhusu rangi ya aya moja. Waache wagombane. Kuna aya zinazostahili rangi mbili.

Cha tatu, weka mezani magazeti matatu ya siku moja. HabariLeo ni la serikali, Uhuru ni la CCM, Mwananchi ni la kampuni binafsi. Swali lisiwe "nani muongo", maana hilo linaleta mabishano ya vyama na kipindi kinakufa. Uliza kila mmoja ameweka nini juu, ameweka nini ukurasa wa nane, na nini hakukiweka kabisa. Mwenye gazeti kujulikana si kosa. Ni mstari mmoja zaidi kwenye kadi.

Cha nne ni picha. Kata dirisha la sentimita 5 kwa 5 katikati ya kipande cha manila, liweke juu ya picha ya gazetini ili ionekane sehemu moja: kwa mfano mtu mmoja anayelia. Waandike maelezo ya picha. Kisha ondoa manila, waone ni harusi. Baada ya hapo wafundishe kusoma vitu vidogo vilivyo nyuma ya picha: mabango ya maduka na lugha yake, sare za askari, kivuli, vibao vya magari. Gari binafsi la Tanzania lina kibao cha njano chenye namba inayoanza na T. La Kenya huanza na K. "Mafuriko ya Mtwara leo" yenye magari matatu ya K yameshajieleza yenyewe. Na kuna picha zisizo na kibao wala bango. Hizo zisilazimishwe kutoa jibu.

Namba inataka kitabu cha sensa

Uongo wa namba ni mwepesi kukamatwa, lakini watu wanaziogopa namba. Matokeo ya sensa ya 2022 yanaupa mkoa wa Lindi watu 1,194,028 na Mtwara watu 1,634,947. Bandika namba hizo mbili kwenye mlango wa maktaba. Ujumbe ukisema "watu milioni mbili wa Lindi wamekosa chakula", mlango umeshajibu. Ongeza na bei za korosho: ujumbe ukitaja bei, uulizwe ni mnada upi, daraja gani, na kama ni kabla ya makato. Bodi ya Korosho Tanzania makao yake makuu yako Mtwara mjini, na vyama vikuu hutoa matokeo ya kila mnada. Baba wa mwanafunzi yeyote aliye mwanachama anaweza kuuliza kwenye chama chake cha msingi kwa miguu.

Kimbunga hakikuja. Je, walitudanganya?

Hili linastahili kipindi chake, kwa sababu limeacha kovu. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitahadharisha kuhusu kimbunga Kenneth. Shule zikafungwa, watu wa pwani wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Jioni ya tarehe 25 kimbunga kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kuua watu zaidi ya 30 Msumbiji. Mtwara ikapata mvua na upepo wa kawaida. Mtaani neno likawa moja: ilikuwa habari feki.

Haikuwa. Utabiri ni habari kuhusu uwezekano. Fundi akikuambia mti huu umeoza na unaweza kuangukia nyumba, ukahama, mti ukaangukia banda la jirani, fundi hakudanganya. Kimbunga hubadilika kwa makumi ya kilomita ndani ya saa chache, na kutoka mpakani mpaka kilikopiga si mbali kwa kipimo cha bahari. Mwanafunzi ajifunze kutafuta maneno matatu kwenye taarifa ya hali ya hewa: kiwango cha uwezekano, muda taarifa ilipotolewa, na muda wa taarifa inayofuata. Taarifa ya jana asubuhi ikisambazwa leo jioni ni kitabu cha Zaire. Mei 2024 kikaja Hidaya, na safari hiyo mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Aliyekuwa amejifunza mwaka 2019 kwamba tahadhari zote ni uongo alikuwa amejifunza somo baya.

Imani tatu zinazopotosha somo lenyewe

Ya kwanza inasema habari feki zimekuja na simu. Waulize wazee wa pwani habari za mumiani, wanyonya damu waliowatisha watu wakati hakuna hata redio kijijini. Simu imeongeza mwendo tu.

Ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inasikika kama busara: "Usiamini kitu chochote." Mwanafunzi asiyeamini chochote hawi mjanja. Anabaki bila kipimo, na mwisho huangukia kwa yule mwenye sauti anayoipenda. Kwa hiyo katika kila habari nne unazozileta darasani, mbili ziwe za kweli kabisa. Walimu wengi huleta uongo mtupu kwa sababu unachekesha, na baada ya wiki tatu darasa linajibu "feki!" hata kabla ya kusoma. Ukisikia hivyo, leta habari ya kweli inayoshangaza: kwamba mifupa ya mnyama mkubwa kuliko nyumba, dinosaria, ilichimbwa Tendaguru mkoani Lindi kuanzia mwaka 1909 na leo imesimama kwenye makumbusho ya Berlin. Wataipigia kelele. Kisha fungua kitabu.

Ya tatu inaaminiwa hata na walimu: kwamba kuhakiki ni kuusoma ujumbe wenyewe kwa makini sana, mpaka mwisho. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu 45 katika utafiti walioutoa mwaka 2017: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria, watu wa kusoma kweli kweli, walibaki kwenye ukurasa waliopewa wakaukagua, na wengi walinaswa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliuacha ukurasa ndani ya muda mfupi wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni akina nani, wengine wanasemaje juu yao? Ni kama mchumba anapokuja kuposa. Humuulizi yeye peke yake kama ana tabia njema. Unatuma mtu kijijini kwao.

Kwa shule isiyo na intaneti, "kijijini kwao" ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani: jambo gani linaulizwa wapi. Matokeo ya mitihani, NECTA. Kuchaguliwa kidato cha tano, TAMISEMI. Upepo na mvua, TMA. Korosho, bodi na vyama vikuu. Kwa mwenye simu, ongeza wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili, kama JamiiCheck, Nukta Fakti na PesaCheck. Pia namna ya kusoma anwani ya tovuti: tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya jina, kisha soma kinachoutangulia. Ya serikali huishia .go.tz. Anwani inayoanza na "necta" lakini kabla ya mkwaju ikaishia na .xyz au .com ni ya mtu mwingine, na ukurasa wake wa kuomba namba ya simu "ili uone matokeo" una kazi nyingine.

Kuhusu sauti na video zilizotengenezwa kwa akili mnemba, msipoteze vipindi kuhesabu kama mtu wa kwenye video ana vidole vitano. Dalili hizo zinafutika kadiri programu zinavyoboreshwa. Kadi ile ile inatosha: nani ameirekodi, wapi, nani mwingine alikuwepo.

Sanduku, na yanayoharibu

Weka sanduku lenye tundu mlangoni mwa maktaba, wanafunzi watumbukize walichosikia wiki hiyo. Jumatatu chagua kimoja au viwili. Usisome hadharani kinachomtaja mwanafunzi, mwalimu au jirani. Hicho ni umbea, na ukikisoma mara moja sanduku litageuka silaha. Vya vyama na uchaguzi viache mpaka darasa limezoea kazi kwa bei, mvua, mpira na dawa za mitishamba, na mkuu wa shule anajua unachofanya kwa maandishi.

Ukiandika uvumi kwa herufi kubwa ubaoni na jibu kwa herufi ndogo chini yake, watakaochungulia dirishani watakumbuka uvumi. Anza na ukweli, kwa herufi kubwa. Taja uvumi mara moja, ukiwa na neno "si kweli" mbele yake. Rudia ukweli.

Usimwite mtoto mbele ya wenzake kwa kuwa alileta uongo. Alileta ulichoomba. Wajue lakini kwamba nje ya darasa kuna sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Dakika tano zinatosha kwa hilo. Likizidi, somo linakuwa la kuogopesha na sanduku linabaki tupu.

Kadi zilizojaa zipangwe kwa tarehe kwenye boksi la chaki. Zile zenye mistari mitupu ziwekwe boksi la pili lililoandikwa "Bado", na kila baada ya wiki mbili kikundi kimoja kilifungue, kione ipi sasa inaweza kujazwa. Nyingine zitajazika, nyingine zitakaa humo mpaka mwaka uishe. Maboksi yote mawili yawe juu ya rafu, mbali na ukuta. Mchwa wa huku hawachagui kadi ya kweli wala ya uongo.